Mpira Mmoja kwa Zamu

Harufu ya nyasi zilizokatwa zikiwa bado na umande ndiyo iliyokuwa ikitangulia kuingia nyumbani kwetu mtaa wa Langas, Eldoret, halafu Baba ndiye anafuata. Alikuwa akitoka kabla hatujaamka na kurudi mchana, vipande vya nyasi vimejaa kwenye mikunjo ya suruali, ndani ya gambuti, hata masikioni. Vilikuwa vidogo sana, vifupi kuliko ukucha, kwa sababu nyasi za grini, yaani pale mahali penye shimo na bendera, hukatwa chini kabisa mpaka zinafanana na kitambaa. Mama ni fundi wa nguo na hapendi takataka karibu na cherehani yake. Alikuwa akifagia huku akilalamika, "Baba Akinyi, nitafagia uwanja wa matajiri mpaka lini, na hata ng'ombe sina wa kuwapa hizi nyasi?" Baba alitabasamu, akaacha gambuti mlangoni, akakaa. Mara nyingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku nzima. Baba si mtu wa maneno, na mimi nilitoka kwake mzimamzima. Shuleni walimu waliandika kwenye ripoti yangu, kila muhula, kwamba Akinyi ni mtoto mwerevu lakini sauti yake haisikiki.

Klabu aliyokuwa akifanyia kazi ni ya zamani, ya tangu masetla walipokuwa wakilima ngano huku juu na kukutana hapo kucheza gofu na kunywa. Ina mashimo tisa, na njia zake zinapita katikati ya misonobari na mikaratusi minene ambayo watu watatu wakishikana mikono hawaizunguki. Nyumba ya klabu imeezekwa vigae vya mbao vilivyogeuka rangi ya jivu. Ndani kuna vibao vyeusi vyenye majina ya washindi kwa rangi ya dhahabu. Juu kabisa ni majina ya Kizungu matupu, halafu ukishuka unaanza kukutana na majina kama ya jirani zako. Hayo niliambiwa na Baba, kwa sababu watoto wa Langas uwanja ule tuliujua kutoka nje ya ua wa michongoma tu, na hata tukichungulia, mlinzi alitufukuza kabla hatujaona chochote cha maana. Kwa hivyo, Jumapili moja mwanzoni mwa likizo ya Agosti nikiwa darasa la sita, Baba aliposema, "Kesho utaenda na mimi klabu," nilidhani nimekosea mahali.

"Kwenda kufanya nini?" Mama akauliza.

"Kucheza."

"Msichana?"

"Mpira utajuaje?" Baba akasema, na hapo ndipo maneno yake ya Jumapili yalipoishia.

Jumatatu uwanja hufungwa kwa wanachama. Asubuhi mashine hukata nyasi, na ikifika saa nne, kazi ikiisha, wafanyakazi wenyewe huruhusiwa kucheza mpaka mvua iwafukuze. Hucheza makedi wanaobebea wanachama mifuko ya fimbo, wapishi na watu wa mashine kama Baba. Baba alikuwa amenitengenezea fimbo. Ilikuwa ya chuma, ya mwanachama fulani aliyeitupa, akaikata kwa msumeno ifikie kimo changu, kisha akazungushia mpini ukanda wa tyubu ya baiskeli ili isiteleze. Nilisimama pembeni ya nyasi zile nikaogopa kuzikanyaga. Kulikuwa na baridi ile ya Agosti inayoingia kwenye meno, na ukungu ulikuwa bado umelala chini upande wa mto. Nilipiga mara ya kwanza, nikachimbua kipande cha ardhi kikubwa kama chapati na mpira ukabaki palepale. Baba hakucheka. Alikiokota kile kipande, akakirudisha, akakikandamiza kwa kisigino, akasema, "Tena." Nilipoupata sawasawa, kama mara ya ishirini hivi, mkono haukusikia kitu. Mpira uliondoka tu, kama umeitwa. Akaniambia kwamba huku kwetu juu hewa ni nyepesi, kwamba pigo kama hilo Kisumu lingeanguka mapema, na mimi nikaona fahari kana kwamba hewa yenyewe ni yangu.

Jambo moja lilinisumbua. Kila mpira ukipigwa, wangu au wake, Baba aliuliza, "Umeenda wapi?" Nikionyesha kwa kidole, alingoja. "Sema kwa mdomo," alisema. Nikadhani ni mambo ya ile ripoti ya shule, kwamba ameamua kunitoa aibu kwa lazima, na kusema kweli nilimkasirikia kidogo. Nilikuwa nikisema, "Kule," naye anasema, "Kule wapi? Dunia yote ni kule." Basi nikajifunza kusema: umepita mti wa kwanza, umeangukia upande wa mtaro, umesimama kama hatua kumi kutoka kwenye mchanga.

Jumatatu ya pili ndiyo nilielewa. Tulikuwa tunacheza shimo la tatu, na bendera ya shimo hilo iko karibu na ya shimo la saba. Baba alijipanga vizuri, akatikisa fimbo mara mbili kama kawaida yake, na nikaona amelenga la saba. "Baba, hiyo si yetu," nikasema. Halafu akaiweka fimbo chini taratibu, akakaa juu ya mfuko wake, na bila kunitazama akaniambia kwamba macho yameanza kumwacha. Alisema anaona kama mtu aliyekaa jikoni kuni zikiwa mbichi. Moshi uko kila upande, na siku nyingine ni mzito kuliko nyingine. Mpira ukiwa miguuni anauona kama doa jeupe. Ukiruka, umepotea. Nikamuuliza anakataje nyasi. Akasema grini zote tisa anazijua kwa hatua, kwamba gurudumu likitoka kwenye nyasi fupi kwenda ndefu mikono inasikia, na kwamba asubuhi umande humsaidia kwa sababu palipokatwa hunyamaza na pasipokatwa hulia chini ya buti. Miaka kumi na tisa, alisema, mtu anazijua hata akilala.

"Mama anajua?"

"Mama yako akijua leo, kesho atafika ofisini kwa Mzee Kibet kabla yangu." Mzee Kibet alikuwa msimamizi wa uwanja, bosi wake. "Na Kibet akijua, mimi na mashine basi. Mtu asiyeona hapewi visu vinavyozunguka. Na mimi kazi nyingine sina, Akinyi. Ninajua nyasi tu."

Nikaahidi kunyamaza. Kunyamaza kulikuwa kitu pekee nilichokuwa na kipaji nacho. Sikufikiria visu, wala miguu ya Baba, wala hospitali. Ninaandika ukweli jinsi ulivyokuwa: nilifurahi. Nilikuwa na siri na Baba, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nayo.

Tukatunga namna yetu ya kucheza. Akishajipanga, mbele yake ni saa sita. Bendera ikiwa kulia kidogo, namwambia saa saba. Ikiwa kushoto kidogo, saa tano. Kisha namtajia hatua. "Saa saba kasorobo, hatua tisini, mchanga uko mbele ya grini." Anarekebisha miguu, mimi naondoka nyuma yake kwa sababu sheria hairuhusu mwenzako asimame hapo unapopiga, na anapiga. Mpira ukiwa hewani namsimulia mpaka utue. Na katikati ya mipira, tukitembea, Baba alizungumza. Sijui kama ni moshi ule uliompa ujasiri, kwamba hakuona uso wangu vizuri. Aliniambia alivyokuja Eldoret kutoka ziwani akiwa kijana mwenye shati moja, akidhani atakaa msimu mmoja wa kuvuna ngano. Aliniambia jinsi nyasi zinavyougua, kwamba huanza kwa duara la kahawia dogo kama kifuniko cha soda. Aliniambia alimwona Mama kwa mara ya kwanza akiwa amebeba cherehani kichwani, anavuka barabara bila kuangalia gari hata moja, akaogopa kumsalimia kwa miezi miwili. Miezi miwili! Nilicheka mpaka nikakosa mpira. Kila niliporudi nyumbani niliyaandika yote kwenye daftari la hesabu, nyuma, kwa herufi ndogo.

Sasa, klabu ile ina desturi ya miaka mingi. Jumatatu ya mwisho ya Agosti kila mfanyakazi anayetaka hucheza na mtu mmoja wa familia yake, mpira mmoja kwa zamu. Mtoto anapiga, mzazi anafuata, hivyo hivyo mpaka mpira uingie shimoni, na mtoto ndiye huanza shimo la kwanza. Siku hiyo wanachama nao huja, wanakaa barazani kutazama, na watu wawili walioshinda huketishwa kwenye viti vya wanachama, halafu mwenyekiti wa klabu anawamiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Makedi huicheka chai hiyo mwaka mzima, na mwaka mzima huitaka. Baba hakutaka kuingia. Lakini kati ya watu wa mashine yeye ndiye aliyejulikana kwa mkono mzuri, na asingecheza, watu wangeuliza kwa nini. Akaniandikisha.

Tulipangwa na Mama Chebet na binti yake. Mama Chebet alikuwa kedi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili, na Chebet alikuwa na miaka kumi na miwili kama mimi, lakini maneno alikuwa nayo ya watu wanne. Mzee Kibet alitembea nasi akishika kadi ya kuandikia mapigo, kwa sababu tulikuwa kundi la mwisho. Kabla ya kuanza alitaka kila mpira uwekwe alama. Sisi tulitia nukta ya rangi ya kucha niliyoiba kwa Mama, nyekundu, kubwa kama punje ya dengu. Wao waliandika msalaba kwa biro ya bluu. Mipira yenyewe ilikuwa ya aina moja, mizee, ya kuokotwa mtoni.

Tulicheza vizuri, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Niliweka midomo karibu na sikio la Baba, nikamtajia saa na hatua, naye akapiga. Mama Chebet aliona yote hayo akacheka. "Weh! Nyinyi watu wa ziwa, mnacheza ama mnaswali? Saa ngapi, saa ngapi, kwani mna gari la kuwahi?" Baba akamjibu, "Tunangoja chai, Mama Chebet." Kila mtu akacheka, na mimi nikamwona Mzee Kibet akicheka pia, moyo ukatulia. Chebet naye hakuniacha. "Wee dem, huongei na mimi kwa nini? Ama umenunua bando ya maneno kumi kwa siku, zote unampea babako?" Nikatabasamu tu. Kufikia shimo la nane, Mzee Kibet alihesabu akasema makundi yote ya mbele yamekwisha, na kwamba tumewapita wote. Sisi tulikuwa mbele ya kina Chebet kwa pigo moja.

Shimo la tisa linapanda kuelekea nyumba ya klabu. Ni fupi. Nikapiga mimi, mpira ukaenda kushoto chini ya misonobari. Chebet naye akapiga, wake ukafuata wangu kama umefungwa kamba. "Haya, wasichana wamepeleka mipira ikasalimiane," akasema Mama Chebet. Zamu sasa ilikuwa ya wazazi. Siku zote Baba alikuwa akisimama hatua kumi kabla ya mpira, anajifanya anatazama upepo, mpaka nimfikie. Lakini hapo katikati ya njia Chebet alinishika mkono. Akauliza, bila utani safari hii, "Kwani babako ako na shida ya macho?" Nikasimama. Nilikuwa natafuta uongo, na kwa mtu ambaye hazungumzi sana uongo huchelewa. Nilipoinua kichwa, Baba alikuwa ameshafika peke yake kwenye doa jeupe na anajipanga.

Nilikimbia, nikafika karibu kiasi cha kuona. Msalaba wa bluu ulikuwa juu, wazi kabisa. Mpira wetu ulikuwa nyuma yake kidogo, karibu na mzizi, na nukta yake nyekundu ikinitazama. Nilitakiwa kusema neno moja tu. Lakini kwenye gofu mtu akitaka kupiga kila mtu hunyamaza, na baraza zima lilikuwa limenyamaza, wanachama na sahani zao, wapishi mlangoni, makedi waliomaliza wamekaa kwenye ngazi. Nilijua nikifungua mdomo wote watanigeukia. Nikafikiria kwa ujinga kwamba labda ataugundua mwenyewe. Akatikisa fimbo mara mbili, akapiga.

Lilikuwa pigo zuri kuliko yote aliyopiga mwezi ule. Watu wakapiga makofi. Baba akageukia makofi yalikotoka, akatabasamu, na nadhani hiyo ndiyo picha ya Baba ningeweka ukutani kama ningekuwa nayo. Halafu nikasikia Chebet nyuma yangu: "Mama, hii si yetu. Hii iko na rangi ya kucha."

Mzee Kibet aliinama akatazama mpira wetu, kisha akamtazama Baba kwa muda. Kupiga mpira wa mwenzako ni kosa linalotokea hata kwa wanachama. Lakini nukta ile mtu angeiona akiwa amesimama. Akaokota tawi kavu akaliweka kwenye nyasi kuonyesha mahali, akauinua mpira, akaenda mpaka mbele ya Baba, akaushika kifuani.

"Jaduong'," akasema, akimwita mzee kwa Kijaluo chetu, "hii alama ni rangi gani?"

"Nyekundu," nikasema mimi. Sauti ilitoka kubwa, mimi mwenyewe nikashtuka.

"Sijakuuliza wewe, mama," Mzee Kibet akasema, polepole tu.

Baba akavua kofia. "Sioni, Kibet."

"Tangu lini?"

"Tangu mahindi ya mwaka jana."

"Na mashine?"

"Naijua mashine."

"Na mguu wako je, unajua uko wapi? Na miguu ya hawa unaofanya nao kazi?" Mzee Kibet alikuwa anatetemeka. Nilidhani ni hasira, sasa nadhani ilikuwa hofu ya mambo ambayo yangeweza kutokea mwaka mzima huo na hayakutokea. Akaurudisha mpira wetu palepale kwenye tawi. "Ni adhabu ya mapigo mawili. Mpira wako ni huu. Malizeni shimo."

Hakukuwa na cha kuficha tena. Nikamsogeza Baba kwa mkono mbele ya watu wote, nikamwambia kwa sauti ambayo nina hakika walinisikia barazani, "Saa sita kamili, Baba. Hatua mia na ishirini." Akapiga, mpira ukaingia mchangani. Nikapiga mimi, ukabaki mchangani. Sikumbuki tulimaliza kwa mapigo mangapi. Mama Chebet na binti yake ndio waliokunywa chai, na baadaye Mama Chebet mwenyewe alikuja nyuma ya jikoni tulipokuwa tumekaa, akaniwekea mkononi kipande cha keki kilichofungwa kwa karatasi laini. "Kula," akasema. "Leo umeongea, lazima njaa imekushika." Tulirudi nyumbani kwa miguu, mvua ikatunyeshea njia nzima. Mama alipoelezwa alilia, kisha akakasirika, akatugeukia sote wawili: "Mlikuwa mnacheza! Mtu anapofuka, nyinyi mnacheza!"

Kesho yake Baba aliondolewa kwenye mashine. Mzee Kibet alimwombea kazi kwenye kitalu cha miti, kumwagilia miche, na hapo alikaa kama mwaka hivi, mpaka hata miche akawa anaikanyaga. Hospitali kubwa walisema ni presha ya macho, imekula mishipa kwa siri muda mrefu, na kwamba alipaswa kuja mapema. Walimpa dawa ya matone. Jicho la kulia limebakia na mwanga kidogo, anajua mchana na usiku, anajua mtu akipita mlangoni. Daktari alisema bila matone hata huo usingekuwapo. Kwa hiyo watu wakisema ile Jumatatu ilimsaidia, wanasema kweli, na mimi huitikia.

Sasa niko kidato cha tatu, shule ya bweni, na nyumbani ninakuja likizo tu. Baba hukaa karibu na cherehani ya Mama. Anajaza uzi kwenye bobini, anashona vifungo kwa vidole, na Mama anasema vifungo vyake havijawahi kung'oka. Anakwenda dukani peke yake kwa fimbo nyeupe, anajua kila mtaro wa njia yetu. Hanihitaji kwa lolote, na ninapaswa kushukuru. Nikifika ananiuliza, "Shule?" Nasema, "Sawa, Baba." Anasema, "Sawa." Ndipo tunanyamaza, watu wawili wenye kipaji kimoja. Uwanja ule bado upo, nyasi zinakatwa na mtu mwingine, na nikipita kando ya michongoma sioni uchungu wa klabu wala wa chai. Ninachokosa ni kitu ambacho naona haya kukiandika. Ninakosa ule mwezi Baba alipokuwa anapofuka na kuficha, kwa sababu ndio mwezi pekee alioniuliza dunia iko wapi, nami nikamwambia. Najua ni vibaya kutamani hivyo. Natamani hata hivyo.

Likizo hii nilimwambia. Tulikuwa tumekaa nje mchana, Mama anashona mlangoni, na maneno yakatoka tu. "Baba, siku ile shimo la tisa niliona mpira si wetu. Niliuona kabla hujapiga. Nikanyamaza." Cherehani ikasimama. Baba alikuwa na kifungo kati ya vidole, akawa anakizungusha.

"Hata mimi nilijua hujanifikia," akasema. "Ningengoja. Lakini nilisikia baraza lote limenyamaza, linanitazama, nikaona haya kusimama pale nangoja mtoto aje anionyeshe. Nikapiga." Akakizungusha tena kile kifungo. "Miaka yote hii unabeba hiyo?"

Nikaitikia kwa kichwa, kisha nikakumbuka. "Ndiyo," nikasema.

"Pigo lenyewe lilikwendaje? Nilisikia makofi tu. Baadaye nikaona vibaya kuuliza."

Nikamweleza. Nilianza na jinsi fimbo ilivyofagia majani makavu, jinsi mpira ulivyotoka chini ya matawi ukiwa chini-chini halafu ukapanda juu ya ile njia, mweupe juu ya mawingu meusi ya mvua, ukakaa hewani mpaka mtu mmoja barazani akasimama. Nilimwambia ulivyoanguka mbele ya grini, ukaruka mara moja, ukaanza kuteremka na mteremko wa nyasi alizozikata yeye mwenyewe asubuhi ile, mpaka hatua moja kutoka shimoni. Alisikiliza amenyanyua uso. "Kulia ama kushoto kwa shimo?" akauliza. Nikasema kulia. "Basi ulikuwa mzuri," akasema.

"Ulikuwa wa Mama Chebet," nikamwambia, na Baba akacheka, akacheka mpaka Mama naye akaanza bila kujua anacheka nini.

Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Nimebakisha siku sita, na bado sijamsimulia mashimo manane ya kwanza.